Noah ya familia na kampaundi ya Mercedes

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, nina Noah nyeusi ya 2006. Kuna kijana anaosha magari mtaani kwetu, anaosha mpaka Mercedes na Range za wakubwa, kaniambia Noah haihitaji diteilingi ya gharama, ule usafi na upolishaji wa kina, eti hiyo ni ya gari za kishua, rangi ya Toyota ni ya kawaida na inavumilia. Yeye atakuwa anaipiga kampaundi, ile dawa ya kung'arisha rangi kwa mashine, kila mwezi. Ameshaipiga mara moja, siku ile iling'aa kweli, ila sasa jua likiwaka naona mistari ya mviringo boneti nzima. Mwingine anasema dawa yake ni kupaka seramiki juu ya rangi, laki sita, gari haichubuki tena miaka mitano. Nimsikilize nani? Halafu ndani siti zinanuka maziwa yaliyomwagika, pafyumu haisaidii.

JIBU: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja. Na huyo wa kwanza ndo ananikera zaidi, maana maneno yake nayasikia kila siku kutoka kwa watu wanaoniletea gari ikiwa imeshaumizwa. "Toyota inavumilia." Injini ya Toyota inavumilia sawa, gia boksi sawa, hata barabara zetu inavumilia. Rangi haivumilii. Tena kwenye rangi mambo yako kinyume kabisa na anavyodhani yeye.

Iko hivi. Mercedes tangu mwisho wa 2003 walianza kutumia klia (ule utando wa juu kabisa usio na rangi) yenye chembechembe za seramiki ndani yake, ngumu kuchubuka, na kwa sababu hiyo hiyo ngumu kupolishi. Ukiweka polishi laini kwenye klia ya namna ile unaweza kushinda hapo mpaka alasiri na mchubuko bado upo palepale. Kwa hiyo fundi anazoea pedi ya manyoya na kampaundi kali, na kwa gari ile inaweza kuwa sahihi. Sasa nyeusi za Toyota, hasa ile yenye namba 202 ambayo Noah nyingi nyeusi ndo zinayo (angalia kile kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, namba ya rangi imeandikwa), ni kati ya rangi laini kabisa utakazokutana nazo, unaichubua hata kwa kitambaa kikavu cha kufutia vumbi. Kijana anatoka kwenye Mercedes anahamia kwenye Noah yako na pedi ileile, chupa ileile, mkandamizo uleule. Hiyo mistari ya mviringo unayoiona juani ni njia ambazo pedi yake imepita. Siku ile hukuiona kwa sababu kampaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, ukiosha mara mbili tatu mafuta yanatoka na ukweli unajitokeza.

Kwa hiyo anayesema diteilingi ya uangalifu ni ya gari za kishua amegeuza mambo juu chini. Gari yenye rangi laini ndo inataka mkono mwepesi.

Na kuna hesabu ambayo hakuna anayekwambia. Rangi ya kiwandani yote kwa pamoja, kuanzia ile ya kuzuia kutu mpaka klia ya juu, kwa kawaida ni kama maikroni 100 mpaka 150 (maikroni elfu moja ndo milimita moja), na gari za Kijapani nyingi ziko upande wa chini. Katika hizo, klia ni kama 35 mpaka 50. Unywele mmoja wa kichwani unakaribia 70, yani klia yote inayolinda gari yako ni nyembamba kuliko unywele. Kampaundi haiongezi kitu, inakwangua, ni msasa ulioko kwenye maji maji. Kila mpigo wa kampaundi kali unaondoka na maikroni kadhaa, na kwenye kona na mistari ya bodi ambapo rangi ni nyembamba zaidi unaweza kutoboa kabisa ndani ya dakika. Halafu kumbuka Noah yako ya 2006 haijaanza maisha Tabata, imeishi Japani, imekaa yadi, na yadi nyingi zinapiga polishi kabla ya kuuza ili ikuvutie. Umeikuta klia imeshapungua, hujui kiasi gani, alafu mtu anataka kukwangua kila mwezi! Ndani ya mwaka hapo hakuna kitu. Simama foleni ya Buguruni uangalie mapaa ya Noah na Ipsum za zamani, yale mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi iliyoungua, mengi jua limeyamaliza, lakini klia iliyokwanguliwa inamalizwa haraka zaidi kwa sababu kinga ya jua imo humo humo ndani ya klia.

Kuna ujanja mwingine unaniudhi kupita kiasi, huu wanafanyiwa wenye Toyota nyeupe. Nyeupe nyingi za namba 040 hazina klia juu, ni rangi tupu. Ukipitisha pedi inageuka nyeupe pepepe. Fundi anamuonyesha mteja: "Mama unaona uchafu uliokuwepo?" Uchafu mweupe kwenye gari nyeupe jamani. Ile ni rangi yako, imehamia kwenye pedi, na umelipia iondolewe.

Sasa gari za kishua zina tofauti yake ya kweli, siwezi kukataa. Ferrari na Lamborghini zina paneli za kaboni faiba au alumini, na kaboni haisambazi joto kama chuma, mashine ikikaa sehemu moja sekunde chache joto linabaki palepale na klia inaungua. (Bampa ya plastiki ya Noah ina tabia hiyohiyo, lakini nani anaijali.) Breki zake za kaboni seramiki huruhusiwi kuzimwagia dawa ya rimu yenye asidi. Zikiwa na rangi isiyong'aa, ile ya mati, hazipolishiwi kabisa, ukipiga umeiharibu na hairudi. Kupima rangi yake kunataka kifaa kinachosoma alumini, na kwa kaboni cha aina nyingine kabisa. Hapo ndipo hela inakoenda. Ila kwa upande wa uchafu wenyewe, gari ya aina hiyo inalala ndani, inatoka siku moja moja, haijawahi kubeba dagaa wala mtoto aliyetapika njiani kwenda Morogoro. Noah inakaa juani kutwa, inaoshwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, inabeba watoto wa shule. Ukiniuliza ipi ina kazi nyingi, ni ya kwako, na mwenye Ferrari akiharibu boneti ana hela ya kupiga rangi upya, wewe ukiharibu paa unaanza kuchagua kati ya rangi na ada.

Huyo wa seramiki sasa. Seramiki ni kitu kizuri, mimi mwenyewe naiweka, ila ni utando mwembamba kuliko klia yenyewe. Inasaidia maji yateleze, uchafu using'ang'anie, jua lisile rangi haraka. Haizuii mchubuko wa ufunguo, haizuii jiwe la barabarani, haizuii kijana mwenye sponji yenye mchanga. Wanapenda kusema "9H" kama vile ni almasi, kumbe ni kipimo cha penseli tu, yani penseli ngumu ya 9H haikuikwaruza. Kinachozuia mawe ni ile filamu ya plastiki inayobandikwa, hiyo ni nene, maikroni 150 mpaka 200, na bei yake kwa Noah ya 2006 haina maana. Na kikubwa zaidi, seramiki haifichi mistari. Ukiiweka juu ya hiyo boneti ilivyo sasa umeifungia mikwaruzo ndani, na kuitoa ni kupolishi tena. Laki sita bila kupima rangi na bila kusahihisha kwanza, usitoe.

Ungekuja kwangu ningeanza na kipimo. Kifaa kidogo unagusisha kwenye bodi kinakwambia unene. Ikisoma 90 au 100 najua ni ya kiwandani na huenda imeshaguswa, naenda taratibu. Ikisoma 300 mlango mmoja, huo ulishapigwa rangi. Ikipita 1,000 kuna puti chini, ile ya kujazia mabonde ya bodi. Baada ya hapo najaribu kipande kidogo cha boneti, kama sahani ya chakula hivi, pedi laini ya sponji na polishi nyepesi kuliko zote. Mistari ikipungua kwa asilimia 60 au 70 naishia hapo, hiyo iliyobaki niiache maana kuifuata ni kula klia ya bure. Alafu waksi nzuri, unapaka mwenyewe kwa mkono kila baada ya miezi mitatu, kopo moja unakaa nalo muda mrefu. Mwaka mzima huhitaji mashine tena.

Kinachorudisha mistari ni uoshaji. Ukienda kuosha, simama uangalie mikono yao. Sponji imefuta matairi, imeanguka chini kwenye mchanga, imeokotwa, imechovywa kwenye ndoo moja ambayo imeshaosha gari nne, inapanda kwenye boneti. Hapo hata ungekuwa na seramiki ya milioni mbili. Nunua ndoo zako mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia sponji, presha ipite kwanza kuondoa mchanga kabla mtu hajagusa, uanzie juu kwenda chini, matairi yawe na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, inaondoa waksi yote na kukausha plastiki. Ukitumia maji ya kisima usiyaache yakauke juani, futa palepale na taulo ya maikrofaiba. Madoa ya chumvi yakishakaa, siki na maji nusu kwa nusu, bodi ikiwa ya baridi, dakika moja, suuza. Na wakikuuliza "tupige dizeli chini ing'ae?" kataa, dizeli inalainisha na kuvimbisha mipira ya gari na kukusanya vumbi lote la Tabata.

Maziwa. Yameshaingia ndani ya godoro la siti, ndo maana pafyumu haifiki. Inatakiwa dawa yenye vimeng'enya vinavyokula protini, inaachwa ifanye kazi, alafu mashine ya kunyonya maji inavuta mpaka maji yanayotoka yawe safi, alafu siti inakaushwa na feni milango wazi, siku nzima ikibidi. Anayemwaga ndoo ya povu kwenye siti na kukurudishia gari jioni ikiwa mbichi anakupa ukungu juu ya maziwa. Chini ya siti za mbele kuna nyaya, zile zenye soketi ya njano ni za eabegi na mikanda, hazitakiwi kuloweshwa. Na wenye haiburidi, zile gari za petroli na umeme pamoja, mnisikilize vizuri, maana hili linatokea sana siku hizi: Aqua betri yake kubwa iko chini ya siti ya nyuma, Prius za zamani iko nyuma ya siti na tundu lake la kuvutia hewa liko pembeni pale abiria anapokaa. Mtu anamwagia maji pale kama anaosha baraza. Betri moja inazidi bei ya kuosha gari miaka yote utakayokuwa nayo.

Kabla hujaipeleka popote dada, panda uangalie paa la Noah. Kama kuna mabaka meupe yanayopotea ukilowesha maji na kurudi yakikauka, hapo klia imeshakufa, na hakuna polishi, waksi wala seramiki itakayoifufua. Ni kupiga rangi paa hilo tu, uache paneli nyingine zilizo nzima, na anayekwambia ana dawa ya kurudisha klia anataka hela yako.