Kabla hujatibu lehemu (kolesteroli) ya mwanamke, uliza homoni zake

Ukipokea majibu ya mafuta ya damu ya mwanamke, usikimbilie namba. Uliza kwanza: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, ana mimba, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Fomu ikikosa nafasi, andika pembeni.

Kinachowaponyoka wengi ni tezi ya shingo (thairoidi). Ikizembea, ini hupunguza vipokezi vinavyonasa LDL (lehemu mbaya), nayo hubaki inazunguka kwenye damu hata kwa mtu anayekula kwa uangalifu. Chukua majibu haya: lehemu jumla 7.4, HDL (lehemu nzuri) 1.4, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.2, zote kwa mmol/L. LDL ni lehemu jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2: 7.4 − 1.4 − (2.2 ÷ 2.2), yaani 5.0. Namba hiyo inashawishi kuandika statini (dawa ya kushusha lehemu) papo hapo. Pima TSH (homoni inayoiamrisha tezi) kwanza! Ikiwa juu na T4 (homoni ya tezi yenyewe) iko chini, tibu tezi, angalia TSH tena baada ya wiki 6 hadi 8, na rudia mafuta ikishatulia. Mara nyingi LDL hushuka yenyewe. Statini juu ya tezi isiyotibiwa huongeza hatari ya kuumia misuli, na mgonjwa aliyeumwa mapaja si rahisi kumrudisha kwenye dawa hiyo.

Estrojeni, homoni ya kike, ina sura mbili. Huongeza vipokezi vya LDL, ndiyo maana LDL hupanda homoni hii ikipungua, hedhi inapokaribia kukoma na inapokoma. Lakini ikimezwa hupitia ini kwanza na kulisukuma litengeneze trigliseridi zaidi. Kibandiko cha ngozini hakifanyi hivyo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mwenye trigliseridi za juu usimpe kidonge cha estrojeni kwa mazoea.

Trigliseridi zikizidi 4.5, hesabu ya LDL ya hapo juu haiaminiki tena. Seramu (maji ya damu) yenyewe huweza kuonekana na ukungu au nyeupe kama maziwa. Omba LDL ipimwe moja kwa moja. Wakati wa mimba trigliseridi huweza kufika mara mbili au tatu ya kawaida, hivyo kama hakuna dharura subiri angalau wiki 6 baada ya kujifungua ndipo upime.

Mwenye ovari zenye vifuko vingi mara nyingi ana insulini isiyosikilizwa na mwili: trigliseridi juu, HDL chini, LDL ikionekana ya kawaida. Usimwambie yuko salama. Pima sukari, shinikizo la damu na kiuno siku hiyohiyo.