Mwalimu anataka binti yangu ahamishiwe shule maalumu: nisaini?

Swali: Binti yangu ana miaka 8. Mwalimu wake anasema "hashiki", hasa hesabu, na amenipa fomu ya kukubali ahamishiwe shule maalumu. Nyumbani ni mwongeaji, ana kithembe kidogo, na redio huifungulia sauti hadi tunagombana. Nisaini?

Jibu: Mama, usisaini kwanza. Hiyo redio na hicho kithembe vimenishtua kuliko fomu yenyewe. Masikio yake yamewahi kupimwa?

Mtoto asiyezipata vizuri sauti nyembamba hupoteza herufi kama s, f na t, huku irabu zikimfikia bila shida. Mwalimu akitamka "sita", kisha "tisa", yeye husikia i na a, mara zote mbili. Jibu lake linakuwa la kubahatisha, naye anaandikiwa kwamba hesabu zimemshinda. Nyumbani mko karibu na anakutazama midomo. Darasani mwalimu yuko mbali, tena anaandika ubaoni amewapa mgongo. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya mwalimu hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kelele za wenzake hazipungui.

Apimwe usikivu kwa odiometa, sikio moja moja, na macho pia. Huenda ikawa ni maji tu nyuma ya ngoma ya sikio, nayo yanatibika. Tathmini ya uwezo wa kujifunza ije baada ya hapo. Nimeshaona watoto wakipimwa akili kwa maswali ambayo hawakuyasikia.

Ikionekana upungufu wa usikivu ni mdogo, kifaa cha kusaidia kusikia na kiti cha mbele vinaweza kutosha, na abaki alipo. Ukiwa mkubwa kiasi kwamba kifaa hakisaidii, mimi ningetafuta mapema shule au kitengo chenye walimu wanaoimudu lugha ya alama na watoto wenzake wanaoitumia. Kumwacha peke yake darasani bila mkalimani, halafu tuseme ni elimu jumuishi, yaani ya watoto wote kusoma pamoja, ni kumdanganya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unadai msaada ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu, na lugha ya alama umeitaja waziwazi.

Mkifika kwenye kusaini, fomu ionyeshe alichopimwa, msaada atakaopewa, na tarehe ya kuangaliwa upya. Hiyo tarehe ndiyo husahaulika, na mtoto akisahaulika nayo anakaa huko miaka. Omba pia kuketi darasani kipindi kizima katika shule wanayompeleka, umwangalie mwalimu anafanya nini mtoto asipojibu.