Chanjo ya HPV haina kirusi ndani yake
Kwa mzazi aliyeuliza kama chanjo ya HPV, kirusi kinachoweza kusababisha saratani ya mlango wa kizazi, inaweza kumwambukiza binti yake kirusi chenyewe: haiwezekani, kwa kuwa ndani yake hamna kirusi, kilicho hai wala kilichouawa. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, wanasayansi Jian Zhou na Ian Frazer walionyesha kwamba protini za gamba la kirusi hiki, zikizalishwa ndani ya seli, hujipanga zenyewe na kuunda chembe zinazofanana nacho. Chembe za chanjo hujengwa kwa protini moja tu, L1, ambayo molekuli zake 360 hukamilisha gamba zima. Huzalishwa katika hamira kwa chanjo iitwayo Gardasil, na katika seli za wadudu kwa ile iitwayo Cervarix. Mwili huliona gamba hilo kama kirusi halisi na kutengeneza kingamwili kwa wingi, lakini kwa kuwa gamba ni tupu, halina vinasaba, haliwezi kuzaliana wala kusababisha saratani. Nakusihi usichelewe, maana chanjo hii huzuia maambukizi mapya tu, haiondoi yaliyokwisha kuingia.