Maswali ya Wasomaji: Mito ya Barafu Katika Sayari ya Mirihi

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Malindi. Nilipokuwa nikifundisha jinsi barafu ilivyochonga mabonde ya Mlima Kenya, mwanafunzi mmoja alileta picha ya sayari ya Mirihi yenye umbo la ulimi mpana ulioteremka kutoka mlimani hadi uwandani, na maelezo yake yalisema kuwa huo ni mto wa barafu. Darasa likauliza: ikiwa Mirihi ni jangwa, barafu hiyo ilitoka wapi? Mbona si nyeupe? Na tunajuaje kwamba si maporomoko ya mawe tu?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Wanafunzi wako wamegusa jambo lililowashughulisha wataalamu kwa takriban miaka 30. Vyombo viwili vya Viking, vilivyofika Mirihi mwaka 1976, vilipiga picha za maumbo ya namna hiyo kwa wingi, hasa katika eneo la Deuteronilus Mensae upande wa kaskazini na pembezoni mwa bonde kubwa la Hellas upande wa kusini. Juu ya maumbo hayo ilionekana mistari inayopinda kila inapokutana na kizuizi na kubanana inapoingia katika bonde jembamba, kama inavyotarajiwa kwa kitu kinachotiririka polepole kwa muda mrefu. Hata hivyo, picha haiwezi kuona kilicho chini ya udongo, na wapo waliosema kwamba kilichotiririka ni kifusi chenye barafu kidogo tu iliyojibana kati ya mawe.

Jibu lilipatikana kwa rada. Chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika Mirihi mwaka 2006, kina rada iitwayo SHARAD iliyotolewa na Shirika la Anga za Juu la Italia, ambalo ndilo hilo hilo linaloendesha kituo cha anga za juu cha Ngomeni, kaskazini mwa mji wenu. Waambie wanafunzi, maana ni haki yao kujua kwamba elimu hii ina jirani karibu nao. Mawimbi ya redio ya SHARAD yalipenya ardhini, mengine yakarudi kutoka juu na mengine yakarudi baadaye kidogo kutoka chini, mamia ya mita ndani. Wataalamu walipokokotoa kina kwa kutumia kasi ya mawimbi ndani ya barafu, sakafu iliyofichika ilikaa sawasawa na uwanda unaoizunguka. Walipotumia kasi ya mawimbi ndani ya mwamba, haikulingana. Zaidi ya hayo, mwangwi wa chini ulirudi ukiwa bado na nguvu, ilhali mawe mengi yangeufifisha. Matokeo ya eneo la Hellas yalichapishwa mwaka 2008, na tangu hapo hoja ya kifusi kitupu imepoteza uzito: chini ya maumbo hayo kuna barafu ya maji, na sehemu kubwa yake ni safi.

Rangi yake inafichwa na tabaka la vumbi na mawe lenye unene wa mita kadhaa, na tabaka hilo ndilo lililoiokoa. Kanieneo ya hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya kanieneo ya hapa pwani, kwa hiyo barafu iliyo wazi katika latitudo hizo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza. Kifusi hufanya kazi ambayo wauza samaki wa Malindi huyapa magunia wanapofunika matofali ya barafu, ila cha Mirihi kimeifanya kwa mamilioni mengi ya miaka.

Sasa, ilitoka wapi? Hapa ndipo penye utamu wa somo lote, nami ningekushauri ulipe kipindi kizima. Mhimili wa Dunia umeinama digrii 23 na nusu hivi, na Mwezi wetu mkubwa unausaidia usiyumbe sana. Miezi miwili ya Mirihi, Phobos na Deimos, ni midogo mno kuweza kazi hiyo. Leo mhimili wa Mirihi umeinama digrii 25, lakini hesabu za mwendo wa sayari zinaonyesha kwamba zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita wastani wake ulikuwa karibu digrii 35, na kuna nyakati ulizidi hapo kwa mbali. Mhimili ukilala kiasi hicho, jua la kiangazi huipiga ncha ya sayari kwa ukali, barafu ya huko hugeuka mvuke, na mvuke huo husafirishwa na upepo hadi maeneo ya katikati, hata ya ikweta, ambako huanguka kama theluji. Theluji ikirundikana mwaka baada ya mwaka hujishindilia kuwa barafu, na uzito wake wenyewe huisukuma iteremke.

Ushahidi wa ikweta uko kwenye mlima wa volkano uitwao Arsia Mons, ulio digrii 9 hivi kusini mwa ikweta. Upande wake wa magharibi kuna eneo lenye umbo la upepeo, lenye ukubwa unaozidi robo ya nchi ya Kenya, lililojaa matuta ya mawe yaliyopangika kwa kufuatana, yaani moreni zilizoachwa barafu iliporudi nyuma hatua kwa hatua.

Kuna tofauti moja ambayo wanafunzi wako wasiikose. Bonde la Teleki katika Mlima Kenya lina umbo la herufi U kwa sababu barafu ilijikokota juu ya mwamba ikiuchimba na kuukwangua, na maji ya chini yake yaliirahisishia mwendo. Katika baridi kali ya Mirihi, barafu nyingi iligandamana na mwamba na kusogea kwa kujikunja ndani yake tu, hivyo ilichimba kidogo sana. Kwa sababu hiyo mtu anayetafuta mabonde ya U huko atakata tamaa bure. Atafute moreni na mistari ya mtiririko.

SWALI: Je, barafu hiyo imewahi kuonekana yenyewe, au ni ya kukisiwa kwa rada tu? (Msomaji, Ngomeni)

JIBU: Imeonekana. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix, kilichotua karibu na latitudo 68 kaskazini, kilichimba mtaro mfupi na kufunua vipande vyeupe vilivyotoweka baada ya siku chache, kama barafu inavyotakiwa kufanya huko. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kuona magenge yaliyomomonyoka na kuacha wazi barafu nene inayoanzia mita 1 au 2 tu chini ya uso wa ardhi. Kisha tarehe 24 Desemba 2021 kimondo kilianguka katika uwanda wa Amazonis Planitia, kikachimba kasoko yenye upana wa mita 150 hivi na kutawanya mapande ya barafu pembeni yake, katika latitudo 35 kaskazini, karibu na ikweta kuliko barafu yoyote iliyokuwa imewahi kuonekana wazi huko hadi wakati huo.