Mashine ya Mtetemo kwa Wagonjwa wa Kiharusi na Parkinson

SWALI: Baba yangu ana miaka 61. Alipata kiharusi miezi minane iliyopita; mkono na mguu wa kushoto vililegea, kisha mguu ukaanza kukakamaa. Sasa hutembea kwa bakora. Hapa mjini kuna ukumbi wa mazoezi wenye ile mashine unayosimama juu yake ikakutetemesha mwili mzima. Msimamizi asema dakika 15 mfululizo kila siku zatosha, na fiziotherapia (mazoezi ya tiba ya viungo) haihitajiki tena. Ni kweli?
Mwanawe, Muyeye, Malindi

JIBU: Si kweli. Dakika 15 mfululizo ni nyingi mno, na kuacha fiziotherapia ni kosa kubwa zaidi.

Mtetemo huivuta misuli na kuiachia upesi upesi, nayo hujikaza yenyewe bila mgonjwa kuiamuru. Baadhi ya tafiti zimeona ukakamavu ukipungua kwa muda mfupi. Lakini katika kutembea na kusimama bila kuyumba, wagonjwa wa kiharusi waliotumia mashine mara nyingi hawakuwapita waliofanya mazoezi ya kawaida. Basi itumieni kama kitangulizi: akishuka na kupumzika kidogo, afanye mazoezi ya kuinuka kitini, mara 10, awamu tatu. Faida kubwa imo humo.

Jueni kasi kabla hajapanda. Mashine za bei nafuu huandika namba 1 hadi 99 zisizoeleza lolote. Bandika utepe ubavuni mwa sahani anayosimama juu yake, urekodi kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde. Utepe ukipanda na kushuka mara moja katika picha 20, hiyo ni mitetemo 12 kwa sekunde, nayo yatosha kuanzia. Sahani ikisogea milimita 2 juu na 2 chini kwa kasi hiyo, mtikisiko unapita kidogo nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa mitetemo 30 unapita mara saba, maana kasi ikiwa maradufu nguvu huwa mara nne. Hapo ndipo hatari ya kuumia huzidi.

Avue viatu vya soli nene, akunje magoti kidogo, ashike vyuma kwa mkono wa kulia ulio mzima. Magoti yakinyooka kabisa, mtetemo hupanda hadi kichwani, akaona ukungu au akaumwa kichwa. Mkono uliolegea utegemezwe, usining'inie, bega lisije likateguka. Sekunde 30, apumzike dakika nzima, mara nne tu, siku tatu kwa wiki. Wewe simama kushotoni kwake. Kisigino kikianza kurukaruka chenyewe, zima. Asishuke kabla sahani haijatulia, na mguu mdhaifu ndio utangulie chini.

Asipande kabisa ikiwa ana donge la damu mguuni, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, mfupa uliovunjika karibuni, mawe ya figo, au presha isiyodhibitiwa. Daktari wake athibitishe hayo kwanza, si msimamizi wa ukumbi.

SWALI: Mamangu ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kila akisafiri kwa basi kutoka Mokowe hadi Malindi, akifika husema mwili umekuwa mwepesi. Je, mashine hiyo itamfaa, au itamzidishia kutetemeka?
Mkomani, Lamu

JIBU: Mama hayuko peke yake. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris alisikia hayo hayo kutoka kwa wagonjwa waliosafiri safari ndefu kwa treni na magari ya farasi, akatengeneza kiti cha kutetemesha; alikieleza mwaka 1892. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilijaribu wazo lake: kundi moja likatetemeshwa, jingine likakalishwa pasipo mtetemo. Yote mawili yalipata nafuu, wala tofauti ya maana haikuonekana. Huenda kutulia kitini ndiyo dawa yenyewe, ingawa barabara ile haimtulizi kila mtu!

Mashine haitazamiwi kumzidishia ugonjwa, ila kwake hatari ni kuanguka. Dawa za Parkinson huweza kushusha presha mtu anaposimama, na miguu huweza kuganda anapotaka kushuka. Akijaribu, iwe wakati dawa imeshafanya kazi, na mtu awe karibu. Nyumbani, bandikeni tepu za rangi sakafuni, mstari kwa mstari umbali wa hatua yake, hasa mlangoni anapokwama. Avuke kila mstari kwa kuhesabu kwa sauti.