Koti la mlimani: kwa wagumu wapya, yaani wapagazi wa Kilimanjaro

Wadogo zangu, msimu umefunguka na pale geti la Machame naona yaleyale: koti la ngozi, koti la mvua la nailoni, sweta nene linalopitisha upepo kama chandarua. Nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Koti la nje halileti joto. Joto ni la mwili wako, flisi, lile sweta laini lenye manyoya, inalishika, koti linazuia upepo usilichukue. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

2. Lakini lazima liruhusu jasho litoke. Hapa ndipo mnaponiumiza roho. Msimu mmoja tulikuwa na kijana mgumu kwelikweli, kilo 20 kichwani na bado anawapita wenzake. Tukamteua apande nasi kileleni. Koti lake lilikuwa nailoni yenye plastiki ndani. Nililiona pale Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nikajisemea, upepo haupiti, litamfaa. Tukaondoka usiku wa manane, yeye zipu hadi kidevuni, anapanda kwa nguvu, ndani anachemka. Mgeni mmoja akaanza kutapika, tukasimama. Jasho likapoa. Fulana yake ya pamba ilikuwa imeloa chapachapa, na maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Akatetemeka sana, halafu akatulia, akaniambia, "Bro, sasa sisikii baridi, niache nikae kidogo." Mtu akisema hivyo, msimwache akae! Nilimvua fulana palepale, nikamvisha flisi yangu ya akiba, nikamshusha mwenyewe hadi Barafu, wageni wakaendelea na msaidizi wangu. Alipona. Ila mimi ndiye niliyemruhusu kupanda na koti lile, na tangu hapo nakagua makoti kabla ya mizigo.

3. Vitambaa vya Gore-Tex na jamii yake vina utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Uchafu na mafuta huuharibia kazi. Fua kwa sabuni laini, suuza vizuri, na ile dawa ya kulainisha nguo iacheni nyumbani.

4. Pale Memorial, soko la mitumba Moshi, msichague kwa rangi wala nembo. Geuza koti nje ndani: ukanda wa kwenye mishono ukiwa unabanduka, liache hata kwa bei ya kutupa. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize. Pumzi ikipita kirahisi, upepo wa Stella Point, kule juu karibu na kilele, utapita pia. Lijaribu juu ya flisi, si juu ya fulana. Kisha inua mikono miwili, maana mzigo unashikwa kichwani, uone kama tumbo linabaki wazi. Likiwa na zipu za kwapani, lipa hata kama muuzaji hashuki bei.

5. Fungua zipu kabla hujalowa. Funga kabla hujapoa.

6. Kama mfuko hauruhusu, KPAP, shirika la kusaidia wapagazi pale Moshi, wanaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Nenda siku moja kabla ya safari. Usisubiri asubuhi gari linapiga honi ndipo uanze kuomba koti la rafiki aliyerudi jana, bado bichi.