Mita kabla ya moduli: kwa wanaoanza sintesaiza za waya hapa Amu

Vijana wanaoanza kuingia mambo ya sintesaiza za analogi, yani vyombo vya kuunda sauti kwa stima, wote huja na swali moja, fundi ninunue gani, na mimi huwajibu nunua mita. Wanacheka. Lakini si mzaha bana, manake kwenye vyombo hivi volti ndiyo noti yenyewe na kama huna kitu cha kuipima utakuwa unazungusha nobu huku unaomba dua. Mimi kazi yangu hapa Langoni mjini Lamu ni vinanda vya taarab, amplifaya za harusi, redio za mashua, na siku hizi hivi visanduku vyenye waya za rangi rangi ambavyo vijana wanaagizia na wageni wanaokaa Shela wanashuka navyo, kwa hivo haya ninayoandika yametoka kwenye meza ya fundi si dukani.

Kama mfuko hauruhusu saa hii, pakua VCV Rack kwenye laptopu, ni programu ya bure, unaunganisha moduli, yani vile visanduku kila kimoja na kazi yake, kwenye skrini vile vile na hesabu ya volti ni ile ile. Chezea hiyo kwanza. Ukiona unaipenda mpaka unasahau kula ndo uanze kuuliza bei.

Sasa hiyo hesabu. Kinanda cha dijitali ukibonyeza kibao kuna kompyuta ndogo ndani inasoma namba. Analogi haina namba, kibao kinatoa volti, volti inaingia kwa osileta, ile sehemu inayotoa sauti, osileta inatetema haraka au polepole kulingana na ile volti. Robert Moog wa Marekani alipoanza kutengeneza zake mwaka 1964 alipanga kila volti 1 ikiongezeka sauti ipande oktavu 1, yani kutoka do mpaka do ya juu yake, na Dieter Doepfer wa Ujerumani alipoleta Eurorack miaka ya 1990 akaifuata hesabu hiyo hiyo, na Eurorack ndo hizi moduli fupi za milimita 128.5 zenye jeki za milimita 3.5 ambazo karibu kila mtu anauza leo. Oktavu ina nusu toni 12, kwa hivo nusu toni 1 ni kama milivolti 83. Chukua mita weka DC, ncha nyeusi ishike ganda la jeki, nyekundu ishike ncha ya waya, bonyeza do soma, bonyeza do ya juu yake soma tena. Tofauti ikiwa volti 1.000 uko sawa. Ikiwa 0.985 utasema aa kitu gani hicho, milivolti 15 tu, lakini hizo ni senti 18 kila oktavu (senti za muziki, 100 ni nusu toni 1), ukifika oktavu ya tatu ushakosea zaidi ya robo toni na mwimbaji atakuangalia jicho baya mbele ya bibi harusi. Kwenye osileta nyingi kuna skrubu ndogo ya kusahihisha hilo. Zungusha polepole, na usiguse zile skrubu nyingine ambazo hujui kazi yake.

Alafu hapo kwenye robo toni ndo sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Maqam bayati, ile skeli ya Kiarabu ya taarab, ukianzia re, hatua ya pili si mi wala si mi iliyoshushwa, inakaa katikati. Piano ya kawaida haina hiyo noti, inakupa milivolti 83 juu ya re ama 167, basi. Osileta ya analogi haijali, haina habari ya vibao vyeupe na vyeusi, ukiipa milivolti 125 inakaa pale pale katikati bila kulalamika. Don Buchla, yule wa California aliyekuwa akitengeneza vyombo vyake wakati ule ule wa Moog, hata hivyo vibao vya piano hakuvitaka, aliweka vipande vya bati vya kugusa na kila kipande unakipangia volti yako. Mtu wa udi angemuelewa mara moja.

Na usidhani 125 ni sheria. Nilikuwa nimeweka sikwensa ya nobu, ile inayotoa volti moja baada ya nyingine kwa zamu, ikipiga bayati, kila hatua nimeipima na mita sawasawa, akapita mzee mmoja aliyepiga kinanda cha taarab maisha yake yote, akasimama mlangoni akasikiza, akasema mwanangu hiyo ya pili bendi ya polisi hiyo, shusha. Nikashusha. Shusha tena. Mita ilipofika 0.121 akasema haya, iwate papo hapo. Hizo ni milivolti 4, senti 5 hivi, na sikio lake lilizisikia akiwa nje ya barabara na punda wanapita. Kwa hivo mita inakupeleka mpaka mlangoni, kuingia ndani ni sikio, na kama huna sikio hilo bado kaa karibu na wazee wenye nalo.

Ndo manake nawaambia msikimbilie kununua kwantaiza. Hii ni moduli inayovuta volti yoyote kuipeleka kwa noti ya karibu, na nyingi zinajua zile nusu toni 12 peke yake, kwa hivo bayati yako inaingia upande mmoja inatoka upande wa pili imekuwa kitu kingine kabisa. Ziko zinazokubali skeli ya kujipangia mwenyewe, uliza hilo kabla hujalipa. Vile vile kwa sintesaiza nzima nzima, Minilogue XD na Monologue za Korg zina sehemu ya kuhifadhi mpangilio wako wa noti, unaipunguza noti kwa senti unavotaka, na kwa mtu wa taarab mimi ningeanza na moja ya hizo kabla ya moduli. Wengine wataniambia analogi ya kweli lazima iwe na waya. Sawa, wao ndo wanalipa.

Jambo lingine linalowachanganya wageni ni kuwa si kila mtengenezaji alikubali volti 1 kwa oktavu. Korg MS-20 ya mwaka 1978, na ile ndogo yake iliyotoka 2013, zinatumia hesabu ya hezi kwa volti, yani kila oktavu volti inakuwa mara mbili, 1, 2, 4, 8. Ukichomeka sikwensa ya Eurorack pale sauti itatoka lakini noti zitakuwa zimevurugika, na mtu anakuja dukani anasema chombo kibovu na chombo ni kizima. Hata amri ya kuanza noti kwenye MS-20 imegeuzwa, haingoji volti ipande, inangoja igusishwe chini, yani kwenye volti 0. Sikwensa ya SQ-1 ya Korg inajua kusema na pande zote mbili. Buchla naye kwenye mashine zake alitumia volti 1.2 kwa oktavu ili nusu toni iwe 0.1 kamili, ambayo ukiniuliza mimi ni akili zaidi, lakini hakushinda.

Haya, stima. Hapa ndo vyombo vinapofia.

Stima yetu ni volti 240. Vyombo vingi vya zamani vizuri vinatoka Japani na nyuma vimeandikwa 100V, na plagi ukiibadilisha inaingia kwenye soketi yetu bila shida yoyote, na ndani ya sekunde kinachotoka ni moshi. Soma kibati cha nyuma. Kila mara, hata aliyekuuzia akiapa. Trafo nyingi zinazouzwa mitaani ni za kushusha mpaka 110, hiyo ni ya vyombo vya Marekani, chombo cha 100 kitafanya kazi nayo lakini regyuleta ndani, zile zinazoshikilia volti isibadilike, zitachemka zaidi na kwa joto la hapa si jambo zuri, tafuta ya 100 hasa. Wenzetu wa Pate na Ndau mlio na sola, zile inveta za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazi ngazi, si laini, na ule mngurumo utausikia kwenye spika hata ufanye nini. Utasikia watu wanasema si niunge betri ya 12 moja kwa moja, Eurorack si ni volti 12? Ni 12 chanya na 12 hasi pia, zote mbili lazima. Na betri iliyojaa ni 12.7, ikichajiwa inafika 14.4, ikichoka inashuka, na regyuleta ya 7812, ile ya kutoa 12 chanya, inataka kama volti 2 zaidi ya kile inachotoa, kwa hivo betri ya 12 haiwezi kuilisha vizuri. Nunua pawa saplai iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jumlisha miliampi za moduli zako zote, upande wa chanya peke yake na wa hasi peke yake, alafu acha nafasi ya robo hivi juu yake.

Wale mtakaojenga pawa yenyewe kwa mkono, tazameni hizi mbili kwa makini. 7812 ukiielekeza uso kwako miguu yake kutoka kushoto ni kuingia, chini (volti 0), kutoka. 7912 ya upande wa hasi inafanana nayo kama pacha lakini miguu ni chini, kuingia, kutoka. Na kile kibati cha mgongoni, kwenye 7812 kimeungana na chini, kwenye 7912 kimeungana na stima inayoingia, kwa hivo ukizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupoza bila karatasi ya mika katikati umeshapiga shoti kabla hujawasha. Kisha ule waya bapa unaopeleka stima kwa moduli, mstari mwekundu ni upande wa hasi 12. Rudia kusoma hapo. Watu wanaona nyekundu wanafikiria chanya wanaugeuza, na IC, zile chipu za ndani, zinaungua.

Kaskazi nayo ina mambo yake. Osileta ya analogi inategemea transista mbili ndogo ambazo tabia yake inabadilika na joto, na kama mtengenezaji hakuweka rezista maalum ya kufidia, kila digrii 1 inakukosesha karibu senti 4 kwa kila oktavu. Ukitunisha, yani ukiweka noti sawa, mchana wa Februari chini ya paa la mabati alafu harusi ni usiku upepo umeingia, zidisha mwenyewe. Washa chombo nusu saa kabla, tunisha pale pale utakapopigia, usikiweke kwenye njia ya feni. Kapasita za elektroliti nazo hazipendi joto, kila digrii 10 zinazoongezeka umri wake unapungua nusu.

Chumvi ni mbaya zaidi ya joto kwa sababu huioni. Jeki zinafanya koga ya kijani, potenshometa, zile zilizo chini ya nobu, zinakwaruza. Spirit ya isopropili ya asilimia 99 kwenye bodi, kopo la kusafishia kontakti kwenye jeki na nobu, na ile dawa ya kulegeza nati zenye kutu iwache kwa injini za mashua. Chombo kikitoka Mokowe kwa boti kifungwe nailoni mbili na vile vipakiti vya silika ndani, na kikifika usikiwashe kama kimepata tone la maji ya bahari, kioshwe kwanza kwa maji safi yaliyotoneshwa ili chumvi itoke, manake spirit haiyeyushi chumvi, alafu kwa spirit kikauke kabisa.

Mwisho kuhusu kurekebisha, manake wengi ndo mnachotaka. Msianze na kitu cha thamani, mtu ana TB-303, ile sintesaiza ya besi ya zamani ya Roland, anataka kuitoboa tundu kumi, mwache fundi aliyezoea. Anza na Monotron, ile sintesaiza ndogo ya Korg ya 2010, inatumia betri 2 za AAA, filta yake, sehemu inayochuja sauti, ni ya ukoo wa MS-20, Korg wenyewe waliitoa ramani yake ya saketi, na ndani kwenye bodi sehemu za kulehemu zimeandikwa majina. Anza na filta, toboa tundu la jeki kwenye plastiki, peleka waya mwembamba mpaka sehemu ya katofu, pale filta inapopangiwa ianze kukata wapi, na njiani tia potenshometa ya kupunguza kwa sababu chombo chenyewe ni cha volti 3 na Eurorack itakuletea 5 ama zaidi. Pasi iwe na ncha nyembamba, ishike kwa sekunde 2 utoe, zile sehemu ni ndogo na zikibanduka zimebanduka. Ukishamaliza tia tone la gundi ya moto juu ya waya usije ukang'oka ukivutwa.

Ikikataa njoo Langoni asubuhi, jioni nina harusi nyingi. Mwenye chombo cha Japani aje na trafo yake, yangu haitoki kwenye meza.